Fundo Lisilo na Nyumba

Mtu aliyefika Majimoto mara ya kwanza alisikia harufu kabla ya kukiona kijiji. Ilikuwa harufu ya yai lililochemshwa likasahauliwa, na ilishuka ubavuni mwa Kilima Mbogo mpaka kwenye mashamba ya katani, hata makarani wa Thika waliokuja kutembea Jumapili wakaziba pua kwa vitambaa vilivyopigwa pasi. Wenyeji hawakuisikia. Kwao hewa isiyo na harufu ile ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Jicho la maji lilikuwa juu, kati ya mawe meusi, likichemka mchana na usiku. Hapo palipikwa. Chini yake maji yalipoa, yakajaa katika shimo la mwamba, na hapo palikogwa: wanawake kabla ya jua kutoka, wanaume jioni, wageni Jumapili. Sheria ya kuoga ilikuwa fupi. Nguo iliyotundikwa kwenye kichaka cha kuingilia ilisema nani yumo ndani. Na mwanamume aliyejikuta kwa bahati mbaya mbele ya mwanamke aliye majini alitakiwa kugeuza mgongo na kusimama pale pale mpaka mwanamke atoke. Akikimbia, basi alikuja kwa kusudi.

Sheria ya kupika ilikuwa ndefu zaidi, na aliyeilinda alikuwa Wayua.

Hakuna aliyempa kazi hiyo. Mumewe Kilonzo alichukuliwa kwenda vita vya Burma, na kilichorudi ni habari tu. Wayua akabaki na mtoto mmoja, Mwanzia, na nyumba iliyo karibu na maji kuliko zote. Akaanza kwa kufagia majani yaliyoanguka jichoni, kisha akawa anang'oa vigingi vilivyooza na kupigilia vipya, kisha kuwapa wageni mayai na nduma zilizoiva kwa mvuke, na kabla hajatambua, watu wakawa wanasema "muulize Wayua" kwa kila jambo la maji. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyobabuka mpaka kwenye viwiko, na macho yasiyokubali kitu upesi. Mgeni akimsalimu, alimtazama miguu kwanza.

Jumapili Majimoto ilikuwa na sura ya soko. Familia za Wahindi wa madukani Thika zilikuja na magari, watoto wakitumbukiza mayai majini ndani ya vikapu vidogo na kupiga kelele. Vijana wa viwandani walitoka mjini kwa baiskeli, wakaoga, wakala, wakaenda kutazama maporomoko ya mto Athi na kurudi wakitaniana nani alimkimbia nyati ambaye hakuna aliyemwona. Na Khamisa, muuza kahawa wa Majengo, Thika, alikuja kutia magoti yake majini, akikaa humo na leso kifuani na kumwaga habari za mji mzima bila kuulizwa.

Wageni walipoondoka, kijiji kilirudia mambo yake. Jioni kila nyumba ilileta kiondo cha mahindi na maharagwe, ikakifunga mdomo kwa kamba ya katani, ikakitumbukiza jichoni na kuitundika ile kamba kwenye kigingi. Asubuhi chakula kilikuwa kimeiva bila hata kijiti kimoja cha kuni. Viondo vilifanana, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na fundo lake, na mtu hakugusa fundo lisilo lake hata kwa njaa. Mama mkwe alimfundisha mke wa mwanawe fundo la nyumba, na siku hiyo ndipo mke alipohesabiwa kuwa amefika. Wanaume hawakufundishwa. Wangejifunza la nini? Mwanamume wa Majimoto hakupika. Na fundo halikukatwa kamwe ila kwa sababu moja: mwenye nalo akifa, kamba ya kiondo chake cha mwisho ilikatwa kwa kisu, kiondo kikaachwa kichukuliwe na maji.

Asubuhi moja ya mvua ndefu, mwaka wa hamsini na nne, wanawake walikuta kifuko cha gunia kimefungwa kwenye kigingi cha pembeni kilicholegea, ambacho hakuna aliyekitumia. Wayua akainama. Fundo lilikuwa kubwa, limejikunja upande usio wake, kama mtu aliyevaa shati ndani nje.

"La nani hili?"

Wakatazamana. Kila mmoja akatikisa kichwa.

"Asi!" akasema Kamene, jirani yake mwenye ulimi mwepesi. "Hili limefungwa na mtu aliyetutazama tukifunga, lakini hakufundishwa. Huyu ni mtu wa nje."

Maneno hayo yalipotoka, hakuna aliyemtazama Gathoni. Na kwa jinsi wote walivyojitahidi kutomtazama, Gathoni akajua.

Gathoni alikuwa mke wa Mwanzia, na ndiye Mkikuyu pekee kijijini. Alizaliwa katika kambi za wavuna kahawa huko Ruiru. Mwanzia alimkuta huko alipokuwa kibarua, kabla hajapata kazi ya kutengeneza ngozi Thika, ambako sasa alilala na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Siku alipomleta nyumbani, Wayua alimtazama miguu kama kawaida yake, akaona nyayo zilizopasuka kama zake mwenyewe, akampenda kwa hilo. Jioni ile ile akampeleka jichoni akamfundisha fundo: zungusha kushoto, rudia, ncha ipite chini ya kidole gumba, vuta. Gathoni alimwita *maitu*, Wayua akasikia *mwaitu*, wakacheka kwa kuwa Kikuyu na Kikamba vilikuwa vimekutana kwenye neno la mama. Mmoja aliita chakula githeri, mwingine aliita isyo, na wote walikula kutoka sahani moja.

Lakini Gathoni alikuwa na kaka, Gachanja. Asubuhi moja kaka huyo alitoka kwenye kambi za Ruiru asirudi, na hakuna aliyejua kama yuko msituni na wapiganaji wa Kikuyu, kizuizini au kaburini. Nyakati za amani, kaka aliyepotea ni huzuni ya mtu. Katika miaka ile ya Hali ya Hatari alikuwa ushahidi.

Serikali ya wakoloni ilikuwa imefika mahali pa kuogopa mahindi ya kuchemsha. Ilikuwa na ndege na mabomu, ilikuwa na kambi zilizojaa watu ambao hawakuhukumiwa, na bado sufuria ya githeri isiyojulikana italiwa na nani iliinyima usingizi. Hofu yake ikatuambukiza. Watu wakajifunza kutazamana kama askari anavyotazama pasi: sura, kisha karatasi, kisha sura tena. Jirani aliyekuomba chumvi ulimpa, halafu ukabaki mlangoni kuona anaelekea wapi.

Wayua hakutaka kumshuku mkwe wake. Hivyo ndivyo alivyojiambia alipoanza kuchungulia debe la mahindi kila jioni. Ndivyo alivyojiambia alipolala sikio lake limeelekea kitanda cha Gathoni. Kifuko kilionekana asubuhi, kikapotea. Siku mbili tatu zikapita, kikarudi. Na alfajiri moja Wayua aliamka akakuta kitanda cha Gathoni kitupu. Gathoni alirudi kukipambazuka, miguu imelowa, mtungi kichwani.

"Ulikuwa wapi?"

"Nje tu, maitu. Nimechota maji."

"Maji yako hapa mlangoni, wewe ukaloe miguu hivyo?"

"Nilitembea kidogo."

Gathoni alitua mtungi akaingia kuwasha moto wa chai. Wayua akatumbukiza kidole mtungini. Maji yalikuwa baridi, ya mto. Mtu aende mpaka mto Athi gizani kuchota maji, na ya bure yapo? Akakaa na swali hilo, na kila alipoligeuza aliona sura ya Gachanja, mtu ambaye hakuwahi hata kumwona.

Maneno ya wanawake hayakukaa kijijini. Jumamosi iliyofuata Landirova ya Bwana Shauri, Mzungu aliyetawala sehemu zile, ilipanda mpaka jichoni. Alishuka na mkalimani, na nyuma yake akasimama Kaleli, mkubwa wa homgadi, walinzi wenyeji wa serikali hapo Majimoto, na koti lake la kaki na bunduki aliyopewa na serikali.

"Iko chakula hapa haina mwenyewe," Bwana Shauri alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Chakula kama hiyo najua inakwenda wapi. Mimi narudi Jumamosi ingine. Kama napata mwenyewe, yeye anakwenda kizuizini. Kama hapana, nafunga hii maji na seng'enge. Hapana kuoga, hapana kupika. Kaleli! Wewe nafikiri nani?"

Kaleli alikohoa. Akatazama buti zake.

"Effendi," akasema, "hapa Mkikuyu ni mmoja tu."

Gathoni alikuwa amesimama pale pale, mkono mmoja umeshika upindo wa leso. Wayua hakusema neno, na kimya chake kilisikika kuliko cha wengine, kwa kuwa yeye ndiye angepaswa kusema.

Kaleli akatangaza kwamba tangu siku hiyo atayalinda maji yeye mwenyewe kila alfajiri. Mwanamke asikanyage huko kabla ya jua.

Jumapili Khamisa alikuja na magoti yake. Wageni walikuwa wachache, kila mmoja na pasi yake mfukoni, na wanawake wa kijiji walikaa mbali na Gathoni kama walivyokaa mbali na mvuke wa jicho.

"Mnamkaushia mtoto wa watu bure," Khamisa alisema kutoka majini. "Kwani kafanya nini? Kula? Na huyo Kaleli anayemsema, mbona hasemi ya kwake? Mkewe si nimemwona juzi!"

"Nduku?" Wayua akauliza. "Nduku yuko Mwala, anamuuguza mamake. Kaleli mwenyewe alituambia."

"Basi mamake anauguzwa sokoni Thika, kwenye ndizi. Wallahi, Nduku anauza ndizi, tena kanenepa! Amekunywa kahawa kwangu. Nikamuuliza, mwenzangu, unarudi lini kwako? Akaniambia, 'Simpikii mtu mwenye bunduki.' Hivyo hivyo."

Wanawake wakaguna. Siku nyingine neno kama hilo lingewalisha wiki nzima. Wayua alilisikia akaliweka kando, kwa kuwa kichwa chake hakikuwa na nafasi ila ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akimenya mayai ya wageni pale karibu, peke yake, akiyapanga kwenye sinia kwa uangalifu kana kwamba yangeweza kumshtaki.

Jumamosi ilipokaribia, Wayua alishindwa. Aliamka giza likianza kulegea, akapapasa kitanda cha Gathoni, akakikuta kitupu tena. Akajifunga leso akatoka kwa njia ya nyuma, kati ya mawe. Kama ni yeye, nitamwona kwa macho yangu, alijisemea. Hakuwa amefikiria angefanya nini baada ya kuona. Alivua leso, akaificha chini ya jiwe badala ya kuitundika kwenye kichaka, akaingia ndani ya shimo la kuogea mpaka kidevuni. Mvuke ulimfunika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amevunja sheria ya maji, na alifanya hivyo ili amkamate mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha fundo.

Alingoja. Ndege walianza kuitana. Kisha nyayo zikaja, nzito kuliko alivyotegemea, na mtu akapita juu yake amejitwika gunia kichwani kukinga manyunyu. Akainama kwenye kigingi cha pembeni. Akavuta kamba, akatoa kifuko, akakipuliza huku akikirusha kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa moto wake. Akakifungua, akachovya vidole akala, hapo hapo, amechutama, haraka haraka kama mtu anayeiba. Bunduki ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe.

"Kaleli," Wayua akasema.

Kaleli aliruka. Kifuko nusura kimponyoke.

"Nani huyo?"

"Geuka! Niko majini."

Na yule mtu mwenye bunduki, aliyezoea kuingia katika nyumba za watu kwa teke, akageuka mgongo kama alivyofundishwa na mama yake, akasimama wima kuutazama mlima.

"Mama Mwanzia," akasema kwa sauti iliyokauka. "Hukutundika nguo."

"Na wewe hukusema una njaa."

Mahindi yalikuwa yanadondoka moja moja kutoka kwenye kifuko kilichoinama.

"Nduku yuko kwa mamake," Kaleli alisema mwishowe.

"Nduku anauza ndizi Thika. Amekukimbia kwa ajili ya hilo dude lililo kwenye jiwe. Sasa nalijua hilo fundo lako. Ni la Nduku, umeligeuza. Ulikuwa ukimtazama akifunga, eh? Ukikaa umemkabili, mkono wake wa kushoto ukauona wa kulia."

"Kwani ningefanyaje?" Alisema kwa hasira, lakini bado hakugeuka. "Moshi ukitoka nyumbani kwangu mchana watajua napika mwenyewe. Niende kuomba kwa nani? Wote wananiogopa. Ukiwa na bunduki hakuna anayekuambia karibu chakula, mama. Wanakuambia ndiyo, effendi."

Wayua karibu amhurumie. Kisha akakumbuka mkono ulioshika upindo wa leso.

"Ukamtoa Gathoni kafara."

"Nilisema Mkikuyu ni mmoja. Uongo?"

"Kaleli!"

"Watamweka kidogo, watamwachilia. Nikisema ni changu, nitakuwa nani hapa? Homgadi watanicheka mpaka Ruiru. Na Mzungu ataniuliza mke wangu amenikimbia kwenda kwa nani, na yeye atakwenda kushikwa kule Thika. Hilo umelifikiria?" Akaokota bunduki yake kwa kupapasa, uso ukiwa mlimani. "Ukifungua mdomo Jumamosi, nitasema nyinyi wawili mlipika pamoja. Ungemwamini nani ungekuwa Mzungu, mimi au nyinyi?"

"Nenda," Wayua alisema. "Maji yananichoma."

Akaenda bila kugeuka nyuma.

Wayua alitoka ngozi yake imekunjamana. Akiwa njiani, akakutana na Gathoni anapanda kutoka mtoni na mtungi, amelowa mpaka magotini, anahema.

"Kwa nini unakwenda mto Athi, mwanangu?" Wayua akamuuliza.

Gathoni alitua mtungi. Alionekana kama mtu aliyechoka kubeba zaidi ya maji.

"Wakinikuta jichoni wanachota haraka waondoke, maitu. Na wewe unabaki umesimama nami. Sikutaka ubaki peke yako." Akamtazama mama mkwe wake, nywele zilizolowa, leso iliyoshikana na mwili. "Na wewe ulikuwa unaoga saa hii? Si tumekatazwa?"

"Baridi ilinizidi," Wayua akasema.

Jumamosi Landirova ilirudi, safari hii na lori nyuma yake, na ndani ya lori mizingo ya seng'enge. Kijiji kizima kiliitwa jichoni. Khamisa naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kuoga akakuta amezuiwa pamoja na wengine, na alikuwa akilalamika kwa sauti kwamba magoti yake hayajui siasa. Kifuko cha gunia kilikuwa majini kwenye kigingi chake. Kaleli hakuwa amethubutu kukiondoa, maana Bwana Shauri alifika kabla yake. Au labda alikiacha makusudi, ili kiwe ushahidi. Wayua hakujua, na katika siku zile mtu alichagua jibu baya na mara nyingi hakukosea.

"Leta hapa," alisema Bwana Shauri.

Kamba ilitolewa kwenye kigingi, kifuko kikawekwa juu ya jiwe kikitoa mvuke, mdomo wake bado umefungwa kwa lile fundo lililogeuzwa.

"Mwanamke ile iko wapi?"

Gathoni akasogezwa mbele. Aliambiwa afungue. Aliinama, akajaribu ncha hii, akajaribu ile, na kamba ya katani iliyolowa ikazidi kukaza. Alitikisa kichwa.

"Anajifanya," mkalimani alisema.

"Ndiyo, anajifanya," Kaleli akadakia.

Kamene, aliyekuwa wa kwanza kusema mtu wa nje, alikuwa akitazama vidole vya Gathoni, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, kwa kuwa yeye alijua mikono inayojifanya na mikono isiyojua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kusema mbele ya bunduki ni kingine.

"Basi, hapana kupoteza saa," Bwana Shauri alisema. "Kaleli, kata. Natazama iko nini ndani. Halafu ingiza yeye kwa lori."

Kaleli alichomoa kisu kiunoni. Akashika kamba.

Wayua alikuwa ameomba tangu alfajiri apate neno ambalo lingemwokoa Gathoni bila kumpeleka Nduku kizuizini, na hakulipata. Sasa alikiona kisu juu ya fundo na neno likaja lenyewe, bila kufikiriwa.

"Usikate, Kaleli. Nduku hajafa."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kwa Kikamba, kama mtu anayemkumbusha mwingine kufunga mlango.

Kisu kilisimama. Wanawake wa Majimoto walishusha pumzi kwa pamoja. Mzungu hakuelewa kitu, mkalimani alielewa maneno asielewe maana, lakini wengine wote waliona kila kitu kwa wakati mmoja: fundo la Nduku lililogeuzwa, koti la kaki lililolegea mabegani, mashavu yaliyoingia ndani. Akikata, angekuwa amemzika mkewe aliye hai mbele ya kijiji kizima, na hakuna mtu wa pale, mwenye bunduki au asiye nayo, ambaye angethubutu. Asipokata, alikuwa amekwisha kujibu.

Ndipo Khamisa, ambaye Kikamba chake kilikuwa cha sokoni lakini kilitosha, akapasuka kicheko.

"Ala! Kumbe mpishi ni effendi!"

Kicheko kikamshika mmoja, kikamshika mwingine, kikaenda mpaka kwa homgadi wenyewe, waliofunika midomo kwa mikono. Kaleli alikuwa ametoa jasho. Alirudisha kisu. Alichutama, akatia kidole gumba chini ya ncha ambayo hakuna mwingine angeitafuta, akavuta mara moja, na fundo likafunguka.

"Nini hii?" Bwana Shauri aliuliza. "Wanacheka nini?"

Kaleli alijibu mwenyewe, akiangalia chini. "Chakula yangu, bwana. Mke yangu anauza sokoni Thika. Mimi napika. Niliona haya."

Bwana Shauri alikitazama kifuko, akamtazama Kaleli, uso wake ukawa mwekundu kwanza kwa hasira, kisha kwa kitu kingine. Akacheka kuliko wote, na kicheko chake kilikuwa na dharau ambayo cha wanawake hakikuwa nayo. Alikuwa ameleta lori na seng'enge na watu wenye silaha kwa ajili ya maharagwe ya mtumishi wake, na bado alijiona ndiye mwenye haki ya kucheka. Hakumwomba Gathoni radhi. Hakumtazama hata. Lori likageuka na mizingo yake, na baadaye tukasikia ile seng'enge ilikwenda kuzungushia kijiji kingine, upande wa Ruiru, ambako hakukuwa na Wayua wala fundo.

Watu walipotawanyika, Kamene alimwendea Gathoni akamshika mkono, akasema maneno mengi ya upesi. Gathoni aliyapokea kwa adabu. Kaleli alibaki amechutama na kifuko chake. Wayua alipompita, akamdondoshea kijiko cha mti kilichokuwa kwenye leso yake.

"Kula kikiwa moto," alisema. "Na umfuate mkeo bila hilo dude."

Njiani kwenda nyumbani Gathoni alitembea nyuma yake kidogo, kama mkwe anavyotembea.

"Maitu, ulijuaje?"

"Nilimwona alfajiri ile. Nilikuwa ndani ya maji."

"Ulikuwa ndani ya maji," Gathoni alirudia. Hatua zake zikapungua. "Maji yalikatazwa, na nguo yako haikuwa kwenye kichaka, nilipita njia ya chini nikakiona kitupu. Ulijificha." Akasimama. "Ulikuwa unamngoja nani, maitu?"

Wayua angeweza kusema Kaleli. Lilikuwa jibu jepesi, na hakuna ambaye angempinga. Yeye, ambaye macho yake hayakukubali kitu upesi, hakuweza kuyainua kutoka kwenye miguu ya Gathoni, ile miguu iliyopasuka aliyoipenda siku ya kwanza.

"Haya," Gathoni alisema taratibu. "Nimesikia."

Akapita mbele.

Jioni ile wanawake walileta viondo vyao jichoni kama zamani, na palikuwa na makelele ya watu wanaotaka mambo yasahaulike. Gathoni alikuja wa mwisho. Alitua kiondo, akachukua kamba, na Wayua aliyesimama kando akatazama mikono yake. Haikuzunguka kushoto. Ilipita juu, ikarudi ndani, ikajipinda kwa namna ambayo Wayua hakuwahi kuiona pale wala popote, na ncha ikapotea katikati.

"Hilo la nani?" Wayua akauliza kwa sauti ndogo.

"Langu," Gathoni alisema.

Akakaza, akatumbukiza kiondo. Lakini kigingi alichokitundikia kamba kilikuwa kile kile cha nyumba ya Wayua, karibu kabisa na kamba yake. Kisha akainua mtungi, akaukinga kwenye maji ya bure, akaujaza, akamngoja mama mkwe wake ili warudi pamoja.